Kushusha stabilaiza iliyozidi bwawani bila kumwaga maji yote

Mtunza Bwawa (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, salaam nyingi.

Nimeufungua uzi huu kwa sababu kuna swali linalonifikia mara kwa mara katika kazi yangu ya kutunza mabwawa ya kuogelea, na kila linaponifikia namkuta muulizaji amekwisha kutumia fedha na muda kwa dawa ambazo hazikumsaidia chochote. Bwawa limepimwa, stabilaiza imekutwa imefika 150 au zaidi, maji yanaanza kugeuka kijani ijapokuwa klorini inasomeka vizuri kwenye kipimo, na mwenye bwawa hawezi au hataki kumwaga maji yote. Afanye nini?

Nitajibu kwa urefu, kwa kuwa majibu mafupi ndiyo yaliyowapotosha wengi. Namba zote za vipimo nitakazotaja ni miligramu kwa lita, ambazo ndizo zile ppm zinazoandikwa kwenye vifaa vya kupimia. Mfano wangu utakuwa bwawa moja tangu mwanzo hadi mwisho: urefu mita 8, upana mita 5, kina cha wastani mita 1.5, yaani mita za ujazo 60, sawa na lita 60,000.

Stabilaiza ni asidi ya sianuriki. Kazi yake ni kuishika klorini ili jua lisiiharibu, kwani katika bwawa lisilo na stabilaiza hata kidogo jua kali la mchana huweza kuangamiza nusu ya klorini kabla saa moja haijaisha. Kwa sababu hiyo kiasi cha 30 hadi 50 kinahitajika katika bwawa lililo wazi kwa jua, na wenye mabwawa ya chumvi, yale ambayo mashine hutengeneza klorini kutokana na chumvi iliyomo majini, huenda juu kidogo, 60 hadi 80. Tatizo ni kwamba namna ileile asidi hii inavyoikinga klorini dhidi ya jua ndivyo inavyoizuia isiue vijidudu na mwani. Mwaka 1974 O'Brien, Morris na Butler walichapisha hesabu za jinsi klorini na asidi hii zinavyoshikana na kuachiana ndani ya maji, na kutokana na hesabu hizo tunajua kwamba nguvu ya klorini bwawani hufuata uwiano wake na stabilaiza, si wingi wa klorini peke yake. Katika maji yenye pH (kipimo cha uchachu wa maji) ya 7.5 yasiyo na stabilaiza, karibu nusu ya klorini yote iko katika hali ya kuua. Weka klorini 3 katika maji yenye stabilaiza 150, na sehemu iliyo tayari kuua haifiki asilimia 1. Kipimo hakidanganyi kinaposema klorini ipo. Ipo kweli, ila imefungwa.

Sasa, imetoka wapi? Katika mabwawa mengi niliyoyakuta na hali hii hakuna mtu aliyemwaga mfuko wa stabilaiza kwa makusudi. Zilikuwa tembe. Tembe za klorini zinazoyeyuka polepole, zile nzito nyeupe zinazowekwa kwenye kikapu kinachoelea, zimetengenezwa kwa klorini iliyofungamanishwa na asidi ya sianuriki yenyewe. Tembe moja ya gramu 200 huacha takriban gramu 111 za stabilaiza majini baada ya klorini yake kutumika. Katika bwawa letu la lita 60,000, gramu 60 zinatosha kupandisha kipimo kwa 1, kwa hiyo tembe moja inaongeza karibu 1.85. Tembe tano kwa wiki si nyingi hata kidogo. Zinatoa klorini ya takriban 2 kwa siku, matumizi ya kawaida kabisa. Lakini tembe hizo tano zinaongeza stabilaiza 9 kila wiki, na baada ya wiki 12 bwawa limejaziwa zaidi ya 110. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kinajaa bila mwenye bwawa kusikia chochote, kwa kuwa maji hubaki maangavu hadi wiki ya mwisho.

Klorini ya unga ya aina ya dikloro ni mbaya zaidi kwa upande huu: kila klorini 10 unayoiongeza kwa unga huo huja na stabilaiza 9, ilhali tembe huja na 6. Klorini ya maji haina stabilaiza kabisa. Klorini ya unga yenye kalsiamu nayo haina, ila inaongeza ugumu wa maji.

Na ikishaingia, haiondoki yenyewe. Jua haliichomi. Chujio la mchanga haliikamati, kwa sababu imeyeyuka kama sukari kwenye chai. Maji yanapokauka kwa joto huiacha nyuma, kwa hiyo mtu anayejazia tu maji yaliyopungua kwa jua hajapunguza hata gramu moja. Katika bwawa linalotumika na kutiwa klorini, inatoka hasa pale ambapo maji yenyewe yanatoka: wanapoyarusha waogeleaji, linapovuja bomba, bwawa linapofurika kwa mvua, au chujio linapooshwa kwa kugeuza mkondo wa maji.

Kwa hiyo ninapoulizwa, "Niweke dawa gani ishuke?" jibu langu ni kwamba sijaona dawa ya kumimina ambayo ningeweza kumhakikishia mtu. "Bila kumwaga maji" inawezekana ikiwa maana yake ni bila kulikausha bwawa. Maji ya zamani yatoke na mapya yaingie, bwawa likiwa limejaa muda wote. Nitaeleza hapa chini jinsi ya kufanya hivyo, lakini kabla ya pampu yoyote kuwashwa kuna mambo matatu ya kutimiza.

Jambo la kwanza ni kupima upya, na kupima vizuri. Vijiti vya karatasi vinavyobadilika rangi havifai kwa stabilaiza; tofauti ya rangi kati ya 100 na 200 ni ndogo kiasi kwamba watu wawili husoma namba mbili. Tumia kipimo cha ukungu. Unachanganya maji ya bwawa na dawa ya kipimo kwa viwango sawa, unatikisa kwa muda ulioelekezwa, na mchanganyiko unakuwa mweupe kama maji yaliyosuziwa mchele. Kisha unasimama nje mchana, jua likiwa mgongoni mwako, mrija umeushika usawa wa kiuno, unamimina kidogo kidogo huku ukitazama kitone cheusi kilicho chini ya mrija. Usikikodolee macho. Tazama, geuza uso, mimina tena, tazama. Kitone kinapopotea machoni, soma namba iliyo sambamba na maji. Mrija mwingi unaishia 100, na hapo ndipo wengi wanapokosea: wanasoma 100 na kuamini ni 100, kumbe ni 180. Ukiona kitone kimepotea kwenye mstari wa 100 au kabla ya kuufikia, chukua kipimo kimoja cha maji ya bwawa na kimoja cha maji ya bomba, changanya, pima tena, na jibu ulizidishe mara mbili.

Jambo la pili ni kuondoa tembe zote bwawani leo hii, na kuhamia klorini ya maji. Tafadhali sana: msiweke kamwe klorini ya unga yenye kalsiamu kwenye kikapu au mashine iliyokuwa na tembe, wala msitumie kijiko kilekile cha kuchotea. Aina hizi mbili zikikutana zikiwa na unyevunyevu huweza kulipuka na kuwaka moto.

Jambo la tatu ni kuipandisha klorini ilingane na stabilaiza iliyopo, ili bwawa lisioze wakati tunajipanga. Kanuni inayotumika sana ni klorini isiyopungua asilimia 7.5 ya stabilaiza. Kwa stabilaiza 50, klorini karibu 4 inatosha. Kwa 150, inahitajika zaidi ya 11. Ikiwa mwani umekwisha kuingia, klorini ya kuusafisha ni karibu asilimia 40, yaani 20 kwa stabilaiza 50 na 60 kwa stabilaiza 150. Ukiiona hiyo 60 utaelewa kwa nini mtu mwenye stabilaiza 150 anamimina klorini kila siku na kijani hakitoki. Kumbukeni pia kwamba klorini ikivuka 10, kipimo cha pH cha rangi nyekundu hakiaminiki. Rekebisheni pH kwanza.

Sasa njia yenyewe. Zimeni pampu ya mzunguko, kwa sababu hatutaki maji mapya na ya zamani yachanganyike. Maji ya bomba kwa kawaida ni baridi kuliko ya bwawa lililopigwa na jua, na maji baridi ni mazito. Shusheni mpira wa maji hadi chini kabisa kwenye kina kirefu, muufunge kitu kizito mdomoni ili usicheze, na mfungue maji kwa utulivu. Wakati huohuo vuteni maji ya zamani kutoka juu, upande wa pili, kwa pampu ndogo iliyowekwa karibu na uso wa maji. Maji mapya yanajilaza chini, ya zamani yanapanda juu na kutoka. Bandikeni kipande cha utepe ukutani kwenye usawa wa maji, na mlinganishe kasi ya kuingia na ya kutoka hadi maji yasipande wala kushuka kuupita utepe. Asiingie mtu majini pampu ya umeme ikiwa humo.

Hesabu ndiyo inayoonyesha kwa nini nasisitiza kutochanganya. Kushusha 150 hadi 50 katika bwawa letu, maji yasipochanganyika, ni kubadilisha theluthi mbili, yaani lita 40,000. Maji yakichanganyika kabisa wakati wa kubadilishana, kwa sababu sehemu ya maji mapya inatoka pamoja na ya zamani, zinahitajika karibu lita 66,000 kufika palepale. Hizo lita 26,000 zinapotea kwa sababu tu mtu aliacha pampu ya mzunguko ikizunguka.

Mpiga Mbizi

Mkuu, nashukuru kwa somo. Ninayo maswali mawili ambayo naamini wengine pia wanayo.

La kwanza ni juu ya zile dawa za vijidudu, ambazo kwenye kasha zimeandikwa kwamba hula stabilaiza. Niliinunua mara mbili. Mara ya kwanza nilisubiri wiki mbili, nikapima, kipimo kikawa kilekile. Mara ya pili stabilaiza ilishuka kweli, kutoka karibu 120 hadi karibu 70, lakini baada ya hapo klorini ilikuwa ikitoweka kila nilipoiweka. Naimimina jioni, asubuhi ni sifuri. Hali hiyo ilidumu kwa siku nyingi na nikadhani pampu imeharibika. Ni nini kilichotokea?

La pili: umesema kwenye kipimo kuna dawa inayoifanya stabilaiza igande iwe ukungu mweupe. Ikiwa inaigandisha kwenye mrija, kwa nini tusiimimine bwawani, ukungu ukatuama, tukauvuta kwa ufagio wa chini?

Mtunza Bwawa (mwanzisha uzi)

Ndugu Mpiga Mbizi, maswali yako yote mawili ni ya msingi, na nitaanza na la pili kwa kuwa lina hatari.

Dawa ile ya kipimo ni melamini. Ni kweli kwamba melamini na asidi ya sianuriki zikikutana hushikamana na kuwa chembe ngumu zisizoyeyuka. Lakini chembe hizohizo zikifanyika ndani ya mwili hukwama kwenye figo. Mwaka 2007, huko Marekani na Kanada, mbwa na paka walikufa kwa figo kushindwa kufanya kazi baada ya kula vyakula vya makopo na vya pakiti vilivyokuwa na vitu hivi viwili kwa pamoja. Bwawa ni maji ambayo watoto huyameza. Usiweke melamini bwawani kwa kiasi chochote kile, na yeyote anayekushauri hivyo, hata akiwa na nia njema, usimsikilize.

Kuhusu vijidudu. Wapo kweli, na si uongo wa mwenye duka. Kuna bakteria wenye kimeng'enya kinachoifungua asidi ya sianuriki na kuivunja hatua kwa hatua hadi kubaki hewa ya kaboni na amonia. Huo ndio mchakato unaotokea wenyewe katika mabwawa yaliyofunikwa kwa miezi mingi bila klorini: mwenye bwawa anafunua na kukuta stabilaiza imepungua au imekwisha, na maji yanaimeza klorini kama mchanga unavyomeza maji. Lakini bakteria hao wanahitaji maji yenye uvuguvugu, muda, na zaidi ya yote wanahitaji klorini iwe chini sana, kwa kuwa klorini inawaua kama inavyoua wengine. Nadhani mara ya kwanza uliwaweka katika maji yaliyokuwa bado na klorini, wakafa siku hiyohiyo.

Mara ya pili walifanya kazi, na kilichokusumbua ni masalia ya kazi yao. Kila molekuli ya asidi hii ina naitrojeni tatu, na kwa uzito naitrojeni ni karibu theluthi moja ya asidi yote. Stabilaiza yako ilishuka kwa 50, kwa hiyo naitrojeni ya takriban 16 iliachwa majini. Kuiondoa amonia kwa klorini kunahitaji klorini mara 7.6 ya uzito wa naitrojeni kwa hesabu ya karatasini, na kwa vitendo huenda hadi mara 10. Yaani ulihitaji klorini kati ya 120 na 160 kwa jumla, kama amonia yote ilibaki. Sehemu yake huweza kupotea kwa njia nyingine, kwa hiyo huenda ulitumia pungufu ya hapo, lakini sishangai kwamba ulimimina kila jioni na kukuta sifuri asubuhi. Pampu yako ilikuwa nzima.

Mwenye bwawa la lita 60,000 anayetaka kushusha 100 kwa njia hii ajiandae kwa klorini inayoweza kufika kilo 15 hadi 20, sawa na lita 150 hadi 200 za klorini ya maji yenye nguvu ya asilimia 10. Kama maji ni adimu sana mahali alipo, huenda bado akaona inafaa. Aingie akijua, na asiruhusu mtu aogelee katika kipindi hicho chote, kwa kuwa bwawa lisilo na klorini si salama.

Fundi Pampu

Mtunza Bwawa, naomba nikusahihishe jambo moja kwa heshima, kwa sababu nimeliona likiharibu kazi ya siku nzima.

Umesema mpira uwe chini na pampu iwe juu. Hiyo ni sahihi maji ya bomba yakiwa mazito kuliko ya bwawani. Lakini bwawa la chumvi lina chumvi ya gramu 3 au zaidi kwa lita, na uzito wa chumvi hiyo unalingana na tofauti ya joto ya karibu nyuzi 8. Bwawa likiwa na nyuzi 28 na bomba nyuzi 24, maji ya bwawa ndiyo mazito ijapokuwa ni ya moto zaidi. Ukiweka mpira chini, maji mapya yanapanda yote juu yakichanganyika njiani, na pampu yako inayatoa maji mapya uliyoyalipia. Katika bwawa la namna hiyo lazima ugeuze: maji mapya yaingie juu taratibu, na ya zamani yavutwe kutoka chini kabisa. Hata mabwawa yasiyoitwa ya chumvi, yaliyotumia tembe kwa miaka mingi, huwa na chumvi nyingi kuliko wenyewe wanavyodhani.

Huna haja ya kukisia. Chukua bilauri ya kioo iliyojaa maji ya bwawa, uiweke mezani itulie. Katika kikombe kingine chota maji ya bomba yakiwa na joto lake lilelile, tia tone moja la rangi ya chakula, kisha yamimine polepole sana kwa kuyateleza kwenye ukuta wa bilauri. Yakizama na kujilaza chini, mpira uweke chini. Yakibaki yameelea juu kama mafuta, mpira uweke juu. Fanya jaribio hili asubuhi ya siku yenyewe, kwa maji yatakayotumika.

Mwenye uwezo wa kupata karatasi kubwa la plastiki jepesi, pana kuliko bwawa, aitandaze juu ya maji yote na kingo zake azishikilie kwa mifuko ya mchanga. Maji mapya yanaingia juu ya plastiki, ya zamani yanavutwa kutoka chini yake, na plastiki inashuka taratibu kama godoro. Hapo suala la uzito halina maana tena. Ni kazi ya watu wanne na subira, lakini ndiyo njia safi kuliko zote nilizowahi kuzifanya.

Naomba pia nieleze kwa nini hatupendi kukausha, maana kuna wasomaji watakaosema kumwaga yote ni rahisi zaidi. Niliwahi kuitwa kwenye bwawa la faibaglasi lililokuwa limemwagwa usiku baada ya majuma ya mvua. Asubuhi sehemu ya kina kirefu ilikuwa imenyanyuka, na vigae vya ukingoni vimepasuka mstari mzima. Maji ya ardhini yakiwa juu ya sakafu ya bwawa kwa mita 1, yanaisukuma kwa nguvu ya kilo 1,000 kwa kila mita ya mraba. Sakafu ya mita 40 za mraba inanyanyuliwa kwa nguvu ya tani 40, na kitu kikubwa kinachoipinga ni uzito wa maji uliyoyamwaga. Mabwawa yenye bitana ya plastiki yana shida yake pia: bitana ikikauka inajikunja, na kuukuu haikubali kunyooka tena.

Kuna pia mashine za kuchuja kwa osmosisi, zinazoletwa kwa gari na kuyapitisha maji ya bwawa kwenye utando mwembamba sana. Zinatoa stabilaiza, chumvi na kalsiamu kwa pamoja, na hurudisha sehemu kubwa ya maji yako. Ambaye huduma hiyo ipo karibu naye aitumie bila kusita.

Mtunza Bwawa (mwanzisha uzi)

Fundi Pampu, nimekubali masahihisho yako yote, na jaribio la bilauri nitalifanya kuanzia sasa. Kwa kweli lilinipata mwaka mmoja katika bwawa la chumvi: nilipima maji yanayotoka baada ya saa mbili nikakuta 80, ilhali bwawa lilikuwa na 140, na sikuelewa kwa nini yamechanganyika mapema. Sasa nimeelewa. Wanajamvi, pimeni maji yanayotoka kila baada ya muda. Yakiendelea kusoma namba ya zamani, mpaka kati ya maji mapya na ya zamani bado umesimama. Yakianza kushuka mapema, simamisheni na mrekebishe.

Naongeza jambo la maji yanakokwenda. Klorini iachwe ishuke hadi karibu sifuri kabla ya kuyatoa, na yasielekezwe kwenye mto, ziwa au bwawa la samaki.

Mama Chekechea

Salaam kwenu. Nasimamia bwawa dogo la watoto wadogo. Sina maji ya kubadilisha kwa wingi, kwani yanafika kwa mgao. Stabilaiza ni 150. Je, nikiosha chujio kila wiki na kungoja mvua, itashuka? Tena, kuna siku mtoto aliharisha majini. Nilipandisha klorini na kuendelea baada ya siku moja. Nilifanya sawa?

Mtunza Bwawa (mwanzisha uzi)

Mama, shikamoo. Nitakujibu la mtoto kwanza.

Kuharisha majini ni jambo zito kwa sababu ya kimelea kiitwacho kriptosporidiamu, ambacho huvumilia klorini ya kawaida kwa siku nyingi. Mwongozo wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, unataka stabilaiza iwe 15 au chini kabla hata ya kuanza, kisha klorini ipandishwe hadi 20 na ikae hapo kwa saa 28. Kwa stabilaiza 150 usafishaji huo hauwezekani, hata ungemimina klorini kiasi gani kwa siku moja. Nakuomba likitokea tena bwawa lifungwe na maji yabadilishwe kabisa, hata kama itabidi kungoja mgao, kwa kufuata ushauri wa wahusika wa afya wa mahali ulipo. Kwa watoto wa umri huo sioni njia nyingine ya haki.

Kuhusu kuosha chujio, inashusha, ila kwa mwendo wa kobe. Katika bwawa letu la mfano, ukitoa lita 1,000 kila wiki na kuzijazia kwa maji mapya, 150 itafika takriban 63 baada ya mwaka mzima, mradi hakuna tembe hata moja iliyoingia. Kwa bwawa lako dogo, lita zilezile ni sehemu kubwa zaidi, kwa hiyo itakwenda haraka zaidi. Usioshe chujio safi kwa ajili ya hili; toa maji kwa mpira tu, kwani chujio lenye uchafu kidogo huchuja vizuri zaidi.

Mvua itakusaidia ukijiandaa. Mvua ya milimita 100 kwenye uso wa mita 40 za mraba ni lita 4,000. Ikikuta bwawa limejaa, maji ya mvua ambayo ni mepesi yataelea juu na kutoka yenyewe kwenye tundu la kufurikia, na ya zamani yatabaki chini. Ukiona mawingu yamejikusanya, shusha maji kwa sentimita 10 kwanza, kisha acha mvua ijaze. Kwa kufanya hivyo tu, mvua hiyo moja inapunguza stabilaiza kwa karibu asilimia 7.

Mpiga Mbizi

Narudi na majibu. Nilifanya jaribio la bilauri; maji ya rangi yalizama moja kwa moja na kutanda chini. Nikaweka mpira chini, pampu juu, tukaanza saa kumi na mbili jioni. Maji yaliyotoka yalisoma 130 hadi karibu na alfajiri, ndipo yakaanza kushuka. Tuliposimamisha na kuzungusha maji siku nzima, nimepima mara tatu na nimepata 60. Je, niendelee hadi 40? Na ukali wa maji, yaani alkalini, umebadilika sana: ulikuwa 110, sasa ni 80.

Mtunza Bwawa (mwanzisha uzi)

Hongera sana, ndugu. Ishia hapo. Kwa 60 klorini yako iwe kati ya 5 na 6, na maji yatakayotoka kwa kuosha chujio yatamalizia yaliyobaki.

Kuhusu alkalini, sehemu ya ile 110 haikuwa yako. Kipimo cha alkalini huihesabu pia stabilaiza, karibu theluthi moja yake. Ulipokuwa na 130, alkalini ya kweli inayoshikilia pH ilikuwa takriban 67. Sasa, ukitoa 20 kwenye 80, unayo 60. Tofauti ni ndogo kuliko ilivyoonekana, na maji mapya kwa kawaida huja na alkalini yake, kwa hiyo usiongeze magadi kwa pupa. Iangalie pH kwa siku tano. Ikitulia kati ya 7.4 na 7.8, iache ilivyo. Ikiyumba, ongeza kidogo, zungusha maji kwa usiku mmoja, halafu pima tena.

Stabilaiza ipime mara moja kwa mwezi, kwa mrija uleule, mchana, jua likiwa mgongoni. Na zile tembe zilizobaki stoo, ziweke mahali pakavu mbali na klorini nyingine, uzitumie zile siku chache tu unaposafiri, kila moja ukiiandika daftarini pamoja na ile 1.85 yake, au zaidi kama bwawa lako ni dogo kuliko la mfano.